Tazameni gari la tatu

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: msimu wa mbio za magari ukifika katikati, msomaji anatazama nini ili ajue timu ipi ina nafasi ya kutwaa ubingwa? Mimi nafuatilia WRC, mbio za ubingwa wa dunia za rally, ambapo magari yanaingia njiani moja moja yakishindana na saa, na ambazo duru yake moja inakuja kwetu Naivasha, kwa hivyo nitajibu nikiwa upande huo. Kinara wa madereva simtazami sana. Natazama gari la tatu la kila timu, na nani amepangiwa kuliendesha katika duru zilizobaki.

Chukueni msimu wa 2024. Thierry Neuville wa Hyundai alishinda Monte Carlo mwezi Januari, akashika uongozi wa madereva na hatimaye akawa bingwa wa dunia. Ungetazama jina lake tu, ungeapa kwamba kombe la watengenezaji, yaani la timu, nalo linaenda Hyundai. Lilienda Toyota, kwa pointi 561 dhidi ya 558.

Ilikuwaje? Kwenye barabara ya changarawe, siku ya kwanza kamili, Ijumaa, anayeongoza msimamo wa madereva ndiye anayetangulia kuingia. Huyo ndiye fagio. Anaondoa changarawe iliyolegea kwa tairi zake, na wanaomfuata wanakuta njia imeshasafishwa. Neuville alifanya kazi hiyo karibu msimu mzima. Toyota nao walikuwa na mabingwa wawili, Kalle Rovanperä na Sébastien Ogier, ambao mwaka huo hawakushiriki duru zote, mara nyingi wakipokezana gari la tatu. Kwa kuwa pointi zao zilikuwa chache, walianza nyuma, njia ikiwa safi. Rovanperä alishinda duru nne, Ogier tatu. Duru zilikuwa 13 na Toyota ilishinda nane. Saba kati ya hizo zililetwa na watu ambao hawakuwa wa kudumu! Poland ndiyo inayonifurahisha zaidi: Ogier aliumia katika ajali wakati wa kukagua njia, Rovanperä akaitwa mbio zikiwa zimekaribia kabisa kuanza, na akashinda. Timu yenye mtu wa namna hiyo nyumbani haiwezi kupimwa kwa jedwali.

Hyundai nao gari lao la tatu, lililopokezanwa na madereva tofauti, halikuwa la kudharauliwa. Esapekka Lappi alishinda Sweden, na Dani Sordo alimaliza wa pili Ugiriki nyuma ya Neuville, Ott Tänak, naye wa Hyundai, akiwa wa tatu. Ndiyo maana pengo lilibaki dogo hivyo, ingawa Hyundai ilishinda duru tano tu.

Kwetu hapa tuna bahati ya kuona jambo lingine ambalo jedwali halionyeshi. Nenda mkondo wa Kedong, kipande kimoja cha njia ya Safari Rally, duru yetu ya Naivasha. Mara ya kwanza magari yanapopita, mchanga laini bado umefunika mawe. Yakirudi mzunguko wa pili, mitaro imeshachimbika na mawe yametokeza, na hapo ndipo pancha zinapoanza. Gari halibebi zaidi ya matairi mawili ya akiba, kwa hivyo dereva mwenye pancha mbili tayari anaendesha kwa woga, na mtazamaji aliye kando ya njia anauona woga huo kabla saa haijausema. Safari Rally ya 2024 ilimalizika Toyota ikiwa ya kwanza, ya pili na ya nne kwa Rovanperä, Takamoto Katsuta na Elfyn Evans. Hyundai ya karibu zaidi, ya Neuville, ilikuwa ya tano. Kwangu matokeo yale yalikuwa na uzito kuliko ushindi wa Monte Carlo, kwa sababu yalionyesha timu yenye magari matatu yanayofika mwisho katika njia inayovunja magari.

Ushindi wa mwanzo wa msimu naupa uzito mdogo. Mwaka 2022 Sébastien Loeb, akiwa na umri wa miaka 47, alishinda Monte Carlo na Ford ya timu ya M-Sport. Timu ile haikushinda duru nyingine hadi msimu ukaisha.

Halafu kuna Jumapili. Mwaka 2024 pointi nyingi zilitolewa kwa msimamo wa Jumamosi jioni, lakini ulizipata tu ukimaliza mbio siku ya pili yake. Hyundai iliingia duru ya mwisho, Japani, ikiongoza kombe la watengenezaji kwa pointi 15. Jumapili asubuhi Tänak alikuwa mbele ya wote, akatoka nje ya njia akaharibu gari. Pointi za Jumamosi zikayeyuka. Neuville, aliyetatizwa na turbo, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya injini, tangu Ijumaa, alimaliza wa sita, na Toyota ikachukua nafasi ya kwanza na ya pili kwa Evans na Ogier.

Utaratibu wa pointi ulibadilishwa mwaka 2025, mshindi wa jumla sasa anapata 25, kwa hivyo hesabu ya Jumamosi si ile tena. Orodha ya washiriki bado naisoma vilevile, kuanzia chini: gari la tatu ni la nani, duru zilizobaki ngapi ni za changarawe na ngapi za lami, na dereva huyo ataanza nafasi ya ngapi Ijumaa.