Je, Yafaa Kuipenda Nchi na Kuichukia Serikali Yake?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Naipenda nchi niliyozaliwa, lakini nimeichukia na kuidharau serikali yake kwa dhulma ninazoziona. Ndugu mmoja ameniambia kuwa huo ni unafiki, kwani kupenda nchi ni katika imani na serikali ndiyo nchi. Je, ni kweli?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Maneno "kupenda nchi ni katika imani" yameenea midomoni mwa watu kana kwamba ni Hadithi, ilhali wanazuoni wa fani hiyo wamebainisha kuwa hayakuthibiti kutoka kwa Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam). Hata hivyo, kupenda ulikozaliwa ni maumbile, na yeye mwenyewe alikuwa nayo: alipotolewa Makka aliuambia mji huo, kama alivyopokea Tirmidhi, kuwa ndio ardhi bora ya Mwenyezi Mungu, na lau asingetolewa asingetoka. Sasa tazama ni nani waliokuwa na amri Makka siku hiyo. Ni Makuraishi wale wale waliowatesa Maswahaba na kula njama ya kumuua, na wala mapenzi yake kwa mji hayakuwagusa wao. Basi aliyekuita mnafiki amekosea.

Ama chuki, katika Hadithi ya Auf bin Malik iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume amewataja viongozi waovu kuwa ni wale mnaowachukia nao wakawachukia, na hakuwalaumu raia kwa hilo. Lakini akaongeza kuwa anayemwona mtawala akifanya maasi, ayachukie yale maasi, wala asiondoe mkono wake katika utiifu.

Ninalolihofia katika swali lako ni neno "kuidharau". Mwenyezi Mungu ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu (5:8), na dharau haijui uadilifu. Ikiwa serikali hiyo itatoa hukumu ya haki, nawe ukaudhika kwa kuwa tu ni wao walioitoa, basi chuki yako haiko tena kwenye dhulma. Hata Firauni, na hakuna serikali inayomshinda kwa jeuri, Musa na Haruni waliamrishwa wamwambie neno laini (20:44). Hawakuamrishwa kunyamaza, kwani jihadi bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Basi ichukie dhulma, iseme, na dharau uiache.

Wallahu aalam.