Mwacheni mama afungue pindo la khanga

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vipindi vya televisheni, nianze na kosa langu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa kusini, msimu wa korosho, kufuatilia wakulima waliokuwa wamecheleweshewa malipo. Mama mmoja alitukaribisha barazani kwake. Nilipomuuliza anadai kiasi gani, hakujibu. Alivuta pindo la khanga, akalifungua fundo kwa meno, ndani mkatoka stakabadhi zilizokunjwa mpaka zimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Akazipanga mkekani moja moja, akizinyoosha kwa kiganja. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshampa mpiga picha ishara anigeukie, naeleza hali ya zao la korosho nchini. Tulipokaa kuhariri, mkeka haupo. Stakabadhi hazipo. Nipo mimi tu, nasema kwa maneno kile ambacho yule mama alikuwa anakionyesha.

Mhariri wa picha, mzee aliyekulia kwenye redio, hakunigombeza. Aliniwekea kipindi cha Marekani cha mwaka 1953, akaniambia nikitazame mara mbili.

Kilikuwa ni See It Now cha CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, kilichoanza Novemba 1951 chini ya Edward R. Murrow na mwenzake Fred Friendly. Murrow naye alitoka redioni. Ndiye aliyewatangazia Wamarekani mabomu yakianguka London mwaka 1940. Toleo nililowekewa lilirushwa tarehe 20 Oktoba 1953, na lilimhusu Milo Radulovich, luteni wa akiba wa jeshi la anga mwenye umri wa miaka 26, mkazi wa mji mdogo wa Dexter, Michigan. Jeshi lilitaka kumwondoa kwa madai kwamba ni hatari kwa usalama wa nchi. Yeye mwenyewe hakutuhumiwa kwa lolote alilotenda. Kosa lilikuwa ni ukaribu wake na baba yake na dada yake. Baba alidaiwa kusoma gazeti la Kiserbia lililohusishwa na ukomunisti. Na ushahidi ulikaa ndani ya bahasha ambayo hakufunguliwa aone kilichomo.

Tazameni pale yule baba anaposoma barua aliyomwandikia Rais Eisenhower. Ni mzee wa kazi za sulubu, Kiingereza chake ni cha mhamiaji. Anasema hajiombei kitu, anamwombea mwanawe haki. Hakuna anayemkatiza, wala msimulizi hamfafanulii mtazamaji kwamba hili linasikitisha. Nilipofika hapo nikaukumbuka mkeka.

Lakini msidhani kunyamaza ni uvivu. Mwandishi Joe Wershba na mpiga picha Charlie Mack walikwenda Dexter wenyewe, wakazungumza na familia na majirani. Jeshi la anga lilipewa nafasi ya kujibu, na Murrow akaitaja nafasi hiyo hewani. Jifunzeni hapo: mkuu wa ofisi akikataa kuhojiwa, mwambieni mtazamaji kwamba mliomba na akakataa, kisha endeleeni na kazi. CBS haikutaka kulipia tangazo la kipindi kile, basi Murrow na Friendly wakatoa dola 1,500 za mifukoni mwao kulipia tangazo kwenye gazeti la New York Times, bila nembo ya kituo chao. Wiki tano baadaye waziri wa jeshi la anga, Harold Talbott, alitokea kwenye kipindi hichohicho kusema kwamba Radulovich anabaki na cheo chake.

Kipindi mtakachotajiwa zaidi ni kile cha tarehe 9 Machi 1954, cha Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti. Sehemu kubwa ni McCarthy mwenyewe akisema na kuhoji watu. Murrow anaingia baada ya kipande, anaweka ukweli mezani, anamrudishia seneta nafasi. Kazi ile ilitegemea filamu zilizokusanywa na kuhifadhiwa kwa miezi. Kwa hiyo nawasihi kwa dhati: kila mnachorekodi kiandikeni tarehe, mahali na majina siku hiyohiyo. Nimeona picha za thamani kubwa zikipotea humo humo ndani ya kabati kwa sababu hakuna aliyejua ni za nani.

Mtasikia pia kwamba kipindi kile ndicho kilichomwangusha McCarthy. Si kweli hivyo. Vikao vya Seneti kati yake na Jeshi, vilivyorushwa moja kwa moja kuanzia Aprili mwaka ule, vilichangia sana, na Desemba wenzake wakamkemea kwa kura 67 dhidi ya 22. Tena, wapo waliompinga seneta lakini wakaingiwa na hofu kuona jinsi kuchagua vipande kunavyompa mhariri nguvu. Mimi naona hofu ile ilikuwa halali. Murrow alimpa McCarthy nafasi ya kujibu, naye akajibu tarehe 6 Aprili. Nasi tukimtaja mtu, tumpe nafasi ya kweli, si sekunde kumi za mwisho.

Tafuteni pia Harvest of Shame, kipindi kingine cha CBS, kilichorushwa tarehe 25 Novemba 1960, siku moja baada ya Wamarekani kula karamu yao ya kutoa shukrani. Kinahusu vibarua wanaohamahama kuvuna mazao. Mtayarishaji David Lowe anamkuta mtoto wa kiume akilea wadogo zake wakati mama yuko shambani. Kitanda kina tundu. Lowe anauliza limetokana na nini. Panya, anajibu mtoto. Swali fupi, jibu fupi, na kamera iko kwenye kitanda, mahali panapostahili.

Msimulizi wa kipindi hicho alikuwa Murrow. Miezi michache baadaye, mwaka 1961, alijiunga na serikali ya Kennedy kuongoza idara ya kuitangaza Marekani nje ya nchi, na kutoka kwenye kiti hicho akawaomba BBC wasikionyeshe. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kumwacha mtu aonyeshe alichonacho. BBC walikionyesha.