Fundi Anajibu: Petroli Yenye Maji Kwenye Injini ya Boti

SWALI: Nina injini ya boti ya nguvu za farasi 15, stroku mbili, ninayoitumia Ziwa Naivasha. Mwezi uliopita ilikohoa ikazima, na chini ya tangi nikakuta maji. Nilimwaga petroli yote nikajaza nyingine safi, lakini tabu ni ile ile: inawaka, inatulia vizuri, nikiongeza kasi inakufa. Sasa nimeileta nyumbani South B. Ninunue kabureta mpya?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Usinunue kitu bado. Ulichosafisha ni tangi. Maji yaliyokwisha kupita yamebaki kwenye paipu, kwenye chujio na hasa kwenye bakuli la kabureta. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutua chini ya bakuli, na jeti kuu, yaani kitundu kinachopitisha mafuta ya kasi, hufyonza huko huko chini. Mwendo wa taratibu unahitaji mafuta kidogo tu, ndiyo maana injini inatulia. Ukiongeza kasi, jeti kuu inavuta maji, au haivuti kitu kwa kuwa imezibwa na ule unga mweupe unaotokea maji yakila alumini.

Chomoa kamba ya usalama, ile inayozima injini ikichomoka, kisha utenge paipu ya mafuta. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli, ukinge kinachotoka kwa chupa ya kioo na uiache itulie robo saa. Maji utayaona yamejikusanya chini, na mpaka wake na petroli uko wazi. Kisha toa bakuli lenyewe, boya, sindano na jeti. Inua jeti kwenye mwanga: tundu liwe duara kamili, bila ukungu pembeni. Safisha kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Tafadhali usichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo, injini itameza mafuta kupita kiasi na plagi zitakuwa nyeusi kila mara. Na Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mafuta tayari yanaelekea kuzidi.

Safisha pia chujio, na upitishe petroli safi kwenye paipu pamoja na ile pampu ya mpira unayoiminya kwa mkono. Hapo ndipo wengi wanaporuka, na kesho yake maji yanarudi kwenye kabureta iliyooshwa.

Sasa jambo linalotutia wasiwasi zaidi. Injini ya stroku mbili hulainishwa na oili iliyo ndani ya petroli. Ilipomeza maji, beringi na silinda zilikosa oili, na kutu huanza mapema. Toa plagi, uguse vichwa vya nyaya zake kwenye chuma cha injini, weka kijiko kimoja cha chai cha oili ya stroku mbili katika kila silinda, kisha vuta kamba ya kuwashia polepole mara kumi hivi. Ikikwaruza au ikikwama, usiiwashe, ifunguliwe kwanza.

Ikizunguka laini, rudisha plagi zikiwa kavu. Changanya petroli mpya kwa uwiano ulioandikwa kwenye kitabu cha injini; ukiwa 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita. Ijaribu nje ya nyumba ndani ya pipa, gia ikiwa nyutro na maji yakifunika matundu ya kufyonzea. Bila maji, mpira wa pampu ya kupoza huharibika kwa muda mfupi sana.

Ikiwa bado inakufa kwenye kasi, fungua kwanza tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Kisha minya pampu ya mkono wakati inadhoofika: ikifufuka, mafuta hayafiki, na mshukiwa ni ngozi (utando laini wa ndani) ya pampu ya mafuta au paipu inayoingiza hewa. Isipofufuka, vuta choki kidogo. Ikishika nguvu, jeti kuu bado ina uchafu.

SWALI: Nitajuaje kama petroli ya mtungi imetiwa mafuta ya taa?
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kabla ya kutia oili, maana oili yenyewe huacha doa na itakudanganya. Petroli safi hukauka kwa dakika chache; mafuta ya taa huacha alama ya mafuta kwa muda mrefu. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchanganyaji huo, lakini mafuta ya mtungi yapime tu. Tofauti na maji, mafuta ya taa hayatui chini wala hayachujiki: injini inakuwa ngumu kuwaka, inatoa moshi na kugonga. Mchanganyiko huo usiutumie wala usiumwage mtaroni. Mpe mkusanyaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.