FUNDI ANAJIBU: Hayo mabomba yarudishe dukani

SWALI: Shikamoo fundi. Nachomelea mageti hapa Chikongola, Mtwara. Nimepata injini ya silinda sita ya Mark II iliyogongwa, na wenzangu tunataka kuunda gari la mbio fupi za kunyooka, fremu nzima ya mabomba kama wanavyofanya Marekani. Mabomba ya maji ya inchi moja na nusu nimeshanunua. Niyachomelee kwa rodi za kawaida? Tutalijaribia usiku barabara ya Mikindani.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye injini sina neno. Mabomba yarudishe, kama mwenye duka atayapokea.

Kwanza yamepakwa zinki. Ukiyapiga moto yanatoa moshi mweupe, na jioni unatetemeka mpaka nyumbani wanadhani ni malaria. Yale maziwa mnayokunywa mafundi hayatibu kitu. Hata ukiikwangua zinki yote, bomba la maji limeundwa kupitisha maji, halikuundwa kulinda shingo ya mtu gari likibiringika. Hiyo inchi moja na nusu ni jina tu. Nje lina milimita 48, kwa hiyo litakupa uzito na kukudanganya kuwa ni imara.

NHRA, chama cha mbio hizi Marekani alichokianzisha Wally Parks mwaka 1951, kinadai kizimba, yaani fremu ya mabomba inayomzunguka dereva, kwa gari linalomaliza robo maili chini ya sekunde 10. Kwa gari lenye bodi, bomba lake ni la kipenyo cha milimita 41 hivi: unene wa milimita 3 likiwa chuma laini, au 2.1 likiwa kromoli, chuma kilichochanganywa kromiamu na molibdenamu. Kromoli huchomelewa kwa TIG tu, ile ya gesi ya agoni. Chuma laini wanakubali MIG, ile ya waya, au TIG. Rodi zako hazimo. Ulizia VETA, au kwa vijana waliopita kwenye kazi za bomba la gesi. Hao wanajua mshono.

Na ukishachomelea, weka grinda chini! Najua mkono unawasha, lakini hili si geti. Ukiusaga mshono ung'ae unaupunguza unene, na mkaguzi wa NHRA akiona umesagwa anaukataa. Kwenye kona nako, bomba likibonyea, kata uanze na jingine.

Kabla hamjagombania nani akae wapi, mjue habari ya Don Garlits, dereva wa mbio hizi huko Marekani. Mwaka 1970, kule California, gia zilimpasukia miguuni zikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Akaunda gari jingine, injini ikakaa nyuma ya dereva, na mwaka uliofuata likashinda. Enyi mnaoweka injini mbele, funikeni gia kwa ngao ya chuma.

Barabara ya Mikindani sahau. Kuna bodaboda zisizo na taa, na msimu wa korosho malori hayalali. Tafuteni uwanja uliofungwa, kwa kibali, gari la wagonjwa likiwa pembeni.

SWALI: Ni kweli mbio hizi ni mita 402? Msomaji, Lindi.

JIBU: Ndiyo, robo maili. Ila magari ya Top Fuel na Funny Car, madaraja ya kasi kubwa zaidi ya NHRA, yanakimbia mita 305 tangu 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki katika ajali huko New Jersey.