Nyumba Imeuzwa, Mpangaji Yumo Ndani

SWALI: Nimepanga nyumba kwa mkataba wa maandishi wa miaka miwili, na bado nina miezi minane mbele. Mwenye nyumba ameiuza bila kunitaarifu. Mnunuzi ananitaka nihame ndani ya siku saba, akisema kwamba mkataba wangu haumhusu kwa kuwa hakuutia saini yeye. Nikimwuliza kuhusu amana yangu, hunielekeza kwa muuzaji, naye muuzaji hapokei simu. Je, nina haki gani?

JIBU: Usifungashe virago kwa kauli ya mnunuzi peke yake. Katika mifumo mingi ya sheria, anayenunua nyumba yenye mpangaji huinunua pamoja na mkataba uliopo, akapokea kodi na kubeba wajibu wa muuzaji mpaka muda ulioandikwa utimie. Hoja ya mnunuzi wako ingekuwa na nguvu katika Roma ya kale, ambako mauzo yaliweza kumwondoa mpangaji, akabaki na haki ya kumdai fidia aliyempangisha. Leo mambo yamebadilika: nchini Ujerumani, kifungu cha 566 cha Kanuni ya Sheria za Kiraia humweka mnunuzi mahali pa muuzaji, na nchi zenye mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza kwa kawaida huuhesabu upangaji kuwa haki iliyomo katika mali yenyewe, wala si ahadi baina ya watu wawili tu.

Hata hivyo, soma mkataba wako upya kabla ya kujibu. Ipo mikataba inayoruhusu upangaji kukatishwa nyumba ikiuzwa, ingawa hata hapo notisi iliyotajwa ni lazima itolewe. Vilevile, baadhi ya nchi hutaka mikataba ya muda mrefu isajiliwe ndipo imfunge mnunuzi. Uliza ofisi ya ardhi au mwanasheria kama wako ni miongoni mwa hiyo.

Jambo linalowaponza wapangaji wengi katika hali hii ni kodi. Mtu hukasirika, au hushindwa kujua amlipe nani, akaacha kulipa kabisa, na hapo humpa mnunuzi sababu halali ya kumfukuza ambayo hakuwa nayo. Mwombe mnunuzi kwa barua akuonyeshe uthibitisho wa umiliki au maelekezo ya maandishi kutoka kwa muuzaji. Akishakuonyesha, mlipe yeye kwa njia inayoacha kumbukumbu. Wakati ukisubiri, weka fedha hizo kando bila kuzigusa, na umweleze kwa maandishi kwamba zipo.

Kuhusu amana, sheria hutofautiana. Kifungu cha 566a cha kanuni hiyo ya Ujerumani humfanya mnunuzi awajibike kuirejesha, na muuzaji hubaki kuwa mdaiwa ikiwa mpangaji hataipata kwa mnunuzi. Kwingineko huenda ukalazimika kuwadai wote wawili, kwa hiyo tunza stakabadhi. Mnunuzi akibadilisha kufuli au kukata maji ili kukulazimisha utoke, andika tarehe, piga picha, kisha nenda kwenye baraza la nyumba au mahakama bila kuchelewa. Nchi nyingi hazimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa mkono wake mwenyewe bila amri ya mahakama.

SWALI: Ninakusudia kununua nyumba yenye wapangaji watatu. Muuzaji anasema wote watahama. Nimwamini?

JIBU: Kauli yake haiwafungi wapangaji. Omba nakala za mikataba yao, kisha kila mpangaji akuandikie na kutia saini kiasi cha kodi anacholipa, amana aliyotoa na tarehe ya mwisho ya mkataba wake, kwa maana hesabu ya muuzaji na ya mpangaji hazilingani kila mara. Jumla ya amana hizo ikatwe katika bei au ikabidhiwe kwako siku ya kukamilisha mauzo. Ukihitaji nyumba ikiwa tupu, mkataba wa mauzo useme kwamba salio halitalipwa mpaka ikabidhiwe ikiwa haina mtu.