Jumla sifuri, matawi yana namba: yaliyonikuta na sheria za TM1

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye TM1, programu ya kupanga bajeti, mapato ya kila tawi yanaonekana vizuri lakini ukipanda hadi Kanda au Tanzania Nzima unakuta sifuri. Kwa maelezo yako, sheria (rule, yaani fomula inayokokotoa mapato) haina kosa. Kinachokosekana ni fida (feeder), yaani mistari ya kulisha seli inayokaa chini ya neno FEEDERS kwenye faili la sheria. Hilo lilinikuta nilipokabidhiwa modeli ya bajeti ya kampuni moja ya kusambaza vinywaji, nikiwa nimetoka kwenye Excel na kiburi changu chote.

Mchemraba (cube, jedwali la pande nyingi: tawi, bidhaa, mwezi) wa mauzo karibu wote huwa mtupu, maana tawi la Tunduma haliuzi kila bidhaa kila mwezi. TM1 (siku hizi IBM wanaiita Planning Analytics) inapojumlisha huruka seli tupu, na ndiyo siri ya kasi yake. Ukiweka sheria, haituki tena seli tupu bali inakagua kila seli. SKIPCHECK, neno linaloandikwa juu ya sheria, inairudishia tabia ya kuruka. Tatizo ni kwamba seli ya Mapato haijahifadhi kitu, inakokotolewa tu ukiiomba, hivyo wakati wa kujumlisha nayo inaonekana tupu na inarukwa. Fida ndiyo inayoiambia injini: hapa usiruke, kuna kitu.

SKIPCHECK;
['Mapato'] = N: ['Kiasi'] * DB('Bei', !Bidhaa, !Mwezi, !Toleo, 'Bei ya Kuuza');
FEEDERS;
['Kiasi'] => ['Mapato'];

Hapo N: inaibana sheria kwenye seli za ngazi ya chini kabisa, na DB inavuta bei kutoka mchemraba mwingine uitwao Bei.

Mimi kwanza nilifuta SKIPCHECK. Jumla zikaja, nikajiona fundi. Kesho yake wahasibu wa matawi walipoingia wote kujaza bajeti, ripoti ya sekunde tatu ikawa ya kwenda kunywa chai na kurudi, na simu hazikukatika.

Nikairudisha SKIPCHECK, nikaandika fida, nikakosea upande wa pili: nikalisha kutoka kwenye Bei kwenda 'Matawi Yote'. Ukilisha kipengele cha jumla, matawi yote yaliyo chini yake yanalishwa. Tulikuwa na matawi 40, bidhaa 300 na miezi 12, na bei ipo kwa kila bidhaa hata isiyouzwa. Hizo ni seli 144,000 kwa kila toleo la bajeti. Tawi la kawaida liliuza bidhaa kama 25, yaani seli 12,000 tu ndizo zilikuwa na kitu. Majibu yalikuwa sahihi, lakini kumbukumbu ya seva ikavimba. Kwenye kuzidisha, lisha kutoka kwa kile ambacho ni haba zaidi. Kiasi ni haba, bei imejaa kila mahali.

Kama unavuta namba kutoka mchemraba mmoja kwenda mwingine, hapo ndipo wengi tunapotea. Sheria ya kuvuta mapato kwenda mchemraba wa Faida na Hasara inakaa kwenye Faida na Hasara, ila fida yake inaandikwa kwenye faili la sheria la Mauzo, kule data inakotoka. Nilipoteza siku mbili nikiitafuta kwenye faili lisilo lake.

Bei ya wastani usiiache ijumlishwe. Iandike bila N: ili ifanye kazi ngazi zote, ['Bei Wastani'] = ['Mapato'] \ ['Kiasi']; na mkwaju uwe huo wa kulalia nyuma, kwa sababu kiasi kikiwa sifuri unakupa sifuri badala ya hitilafu.

Halafu mpangilio. Mstari wa kwanza unaoigusa seli ndio unaoichukua, wa chini hata hausomwi. Tulikuwa na kreti za promosheni zisizo na mapato, nami niliweka sheria yake chini ya ile ya jumla. Tukapanga bajeti ya mapato kwa soda za bure! Mahususi juu, ya jumla chini.

Kwenye makisio, ambako mwezi mmoja unategemea uliotangulia, mimi huweka kwenye daimensheni (upande wa mchemraba) ya Mwezi sifa mbili (attributes), Uliopita na Ufuatao. Sheria inasoma Uliopita, fida inalisha Ufuatao. Ila angalizo: fida inayotegemea sifa au sharti hukaguliwa pale seli inayolisha inapotoka sifuri kuwa na thamani. Ukibadilisha sifa baadaye, hakuna kinachotokea mpaka fida zichakatwe upya, kwa mfano kwa kuendesha amri ya CubeProcessFeeders kwenye mchemraba husika. Sisi tunaiendesha usiku baada ya kufunga mwezi.

Kwa leo, bofya kulia kwenye ile jumla ya sifuri, chagua Check Feeders, itakuorodheshea seli ambazo hazikulishwa. Ikigoma, tupia hapa faili zima, pamoja na yaliyo chini ya FEEDERS. Majina ya bidhaa ficha kama bosi wako ni mkali.