Grafu ya umbali na wakati: mstari ukishuka una maana gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumepewa grafu ya mtu aliyetoka mjini Lamu kwa miguu hadi Shela, kilomita 3, akarudi kwa boti. Mstari unapanda hadi kilomita 1.5 kwenye dakika ya 20, unalala hadi dakika ya 30, unapanda tena hadi kilomita 3 dakika ya 45, unalala hadi dakika ya 60, kisha unashuka hadi sifuri dakika ya 72. Nimeandika kuwa mwishoni anateremka mlima, na wastani wa kasi ya safari nzima ni kilomita 8.5 kwa saa. Yote mawili nimekosa. Kwa nini?
Mwanafunzi wa sekondari, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujautazama mstari, soma kilichoandikwa kwenye mhimili wa wima. Hapo ni “umbali kutoka Lamu”, si kimo cha mahali. Njia ya Shela yafuata ufuo, na kurudi alipanda boti, kwa hiyo hakuna mlima. Mstari ukishuka, umbali kati yake na Lamu unapungua: anarudi. Ukilala, saa inakwenda naye kasimama. Lau mhimili ungeandikwa “jumla ya umbali aliosafiri”, mstari usingeshuka kabisa. Ungeendelea kupanda hadi kilomita 6.

Kasi iko kwenye mwinamo wa mstari. Chagua nukta mbili zilizo mbali kwenye kipande kimoja kilichonyooka, usome thamani zake kwenye mihimili, kisha ugawe badiliko la umbali kwa badiliko la wakati. Usihesabu visanduku tu, kwa sababu kisanduku cha wima na cha mlalo havina kipimo kimoja. Kwa sababu hiyohiyo usilinganishe kwa macho grafu mbili zenye skeli tofauti.

Kipande cha kwanza: kilomita 1.5 kwa dakika 20. Dakika 20 ni theluthi ya saa, basi 1.5 × 3 = kilomita 4.5 kwa saa. Wengi huandika 0.2 badala ya 20/60, wakapata 7.5, na mtu wa miguu akawa anakimbia. Kipande cha pili: 1.5 ÷ 0.25 = 6. Boti: 3 ÷ 0.2 = 15, maana dakika 12 ndizo 0.2 ya saa.

Naona ulikopata 8.5: umejumlisha 4.5, 6 na 15, ukagawa kwa 3. Hapo umezipa kasi zote uzito sawa, ilhali boti ilitumia dakika 12 na miguu 35, na dakika 25 za kusimama umezitupa nje. Wastani wa kasi ni jumla ya umbali kwa jumla ya muda, vituo vikiwemo. Kilomita 6 kwa dakika 72, yaani saa 1.2 (si 1.12, tafadhali, hapa ndipo alama nyingi hupotea), ni kilomita 5 kwa saa.

Huenda ukaulizwa pia kuhusu mistari miwili. Tuseme mwenzake alitoka Shela wakati uleule kuja Lamu kwa kilomita 4 kwa saa. Mstari wake unaanzia kilomita 3 dakika ya sifuri na kuishia sifuri dakika ya 45. Uchore kwa rula: utaukata wa kwanza kwenye kilomita 1.5, dakika ya 22.5, katika kile kipande kilicholala. Maana yake wamekutana njiani, mmoja akiwa amepumzika. Mistari kukatana haimaanishi kasi zao ni sawa. Kasi zikiwa sawa na wote wakielekea upande mmoja, mistari huenda sambamba.